William Morris: Fundi Aliyeshika Mengi Yasimponyoke

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wazazi wengi huitumia methali hii wanapomkanya kijana anayeonekana kurukaruka: leo anachora, kesho anashona, keshokutwa anataka kupiga chapa. Mara nyingi methali hiyo husema kweli. Hata hivyo, leo nataka kumsimulia msomaji habari za mtu aliyeshika si mbili wala tatu, bali kumi na zaidi, na ambaye kazi zake zingali zikitazamwa na kuigwa zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake. Mtu huyo ni William Morris, Mwingereza.

Nimemchagua kwa sababu wako vijana wengi wanaotaka kupata riziki kwa kipaji cha kuchora. Wengine huchora nembo na mabango, wengine vitambaa, wengine majalada ya vitabu, nao husumbuka wasijue washike lipi na waache lipi. Maisha ya Morris hayatoi jibu rahisi. Lakini yanaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuwa na kazi nyingi bila ya kuziharibu zote, na pia gharama anayoilipa.

MWANA WA TAJIRI

Morris alizaliwa tarehe 24 Machi, 1834, huko Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa fedha mjini London, naye alikuwa na hisa katika migodi ya shaba ya Devon Great Consols, kusini-magharibi mwa Uingereza. Bei ya hisa hizo ilipanda kwa haraka, na jamaa hiyo ikawa na mali nyingi. Baba alifariki mwaka 1847, lakini utajiri ulibaki. Alipofikia umri wa miaka 21, kijana William alianza kupata pato la pauni 900 kwa mwaka, nazo zilikuwa fedha nyingi sana siku hizo.

Ni lazima niyataje hayo mapema, kwa kuwa si haki kusimulia habari za mtu kama huyu na kuficha kwamba hakulala njaa. Aliweza kujaribu na kushindwa bila ya kuwaogopa wadai. Lakini wana wa matajiri walikuwa wengi wakati huo, na wengi wao hawakuacha nyuma hata kijiti kimoja walichokichonga.

Mwaka 1853 aliingia Chuo cha Exeter huko Oxford, nia yake ikiwa kuwa padri. Hapo akapata rafiki wa maisha, Edward Burne-Jones, ambaye naye alitaka upadri. Mwaka 1855 marafiki hao walisafiri kaskazini mwa Ufaransa kutazama makanisa makubwa ya kale. Waliyaona mawe yaliyochongwa na madirisha ya vioo vya rangi, kazi za mafundi ambao majina yao yalikwisha kusahauliwa, na mioyo yao ikageuka. Kabla ya kurudi walikuwa wamekata shauri: Burne-Jones atakuwa mchoraji, na Morris atasomea ujenzi wa majumba.

KUSHINDWA MARA MBILI

Januari 1856, Morris aliingia katika ofisi ya George Edmund Street, mchoraji mashuhuri wa ramani za majengo. Kazi hiyo haikumkalia vizuri, na mwaka haukwisha kabla hajaondoka. Lakini hakutoka mikono mitupu. Katika ofisi hiyo alikutana na Philip Webb, ambaye baadaye alishirikiana naye katika kazi nyingi.

Kisha mchoraji Dante Gabriel Rossetti akamshawishi kwamba apake rangi picha. Morris akajaribu. Mwaka 1857 alishiriki katika kupamba kuta za jumba la majadiliano la wanafunzi wa Oxford, lakini wachoraji hao vijana hawakujua namna ya kuuandaa ukuta, na rangi zao zilianza kufifia baada ya muda mfupi. Picha yake moja tu ya mafuta, aliyoipaka mwaka 1858, ndiyo inayojulikana kuwa aliikamilisha. Miili ya watu ilimshinda kuchora. Lakini ukiitazama picha hiyo utaona kwamba matandiko, zulia na mapambo ya ukutani yamechorwa kwa mapenzi makubwa kuliko uso wa mwanamke aliyesimama katikati. Kipaji chake kilikuwa kimejionyesha pembeni, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa akikitafuta.

Mwanamke aliyesimama kama kielelezo cha picha hiyo ni Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa Oxford. Walioana mwaka 1859, na watu wa tabaka la bwana arusi hawakufurahia ndoa hiyo ya tajiri na maskini.

NYUMBA NYEKUNDU

Morris alimwomba rafiki yake Webb amchoree nyumba, nayo ikajengwa kwa matofali mekundu huko Bexleyheath. Hata leo inaitwa Red House, yaani Nyumba Nyekundu. Maharusi walihamia humo mwaka 1860. Hapo ndipo ilipotokea shida iliyobadili maisha yake: Morris alikwenda madukani kutafuta vyombo vya nyumba, asipate anachokipenda. Viwanda vya wakati huo vilitoa vitu kwa wingi, lakini vingi vilikuwa vizito, vyenye marembo ya ovyo, na vilivyoungwa vibaya.

Akaamua kujitengenezea. Webb alichora meza na vinara, Burne-Jones akachora vioo na kupaka picha ukutani, naye Morris na mkewe wakatarizi mapazia. Morris hakuwa amefunzwa kutarizi na mtu yeyote. Alichukua vitambaa vya kale, akafumua mishono uzi kwa uzi ili aone vilivyoshonwa, kisha akamfundisha mkewe. Msomaji na aikumbuke habari hiyo, kwa maana karibu kila kazi aliyoifanya baadaye aliijia kwa njia hiyo hiyo: kufumua kwanza, kushona baadaye.

Mwaka 1861 marafiki saba, Morris akiwa mmoja wao, walifungua kampuni ya mapambo na vyombo vya nyumba huko Red Lion Square, London. Jina lake lilikuwa Morris, Marshall, Faulkner & Co. Walitengeneza vioo vya rangi vya makanisa, vigae, samani, vitambaa vya kutarizi na karatasi za kupamba kuta.

Karatasi hizo ndizo zilizolisambaza sana jina la Morris. Mchoro wake wa kwanza, mwaka 1862, ulikuwa wa waridi linalotambaa juu ya fito. Ndege waliomo walichorwa na Webb. Alijaribu kuupiga chapa mwenyewe kwa mabamba ya madini, kazi ikamshinda. Basi akawapelekea mafundi wa Jeffrey & Co., ambao walichonga michoro juu ya vibao vya mti na kuigonga chapa kwa mkono, rangi moja baada ya nyingine, kila rangi kibao chake.

Nadhani wanawake wetu wanaovaa leso wataelewa upesi ugumu wa kazi hiyo. Leso ina pindo linalofunga mji wake, na jicho hupata mahali pa kupumzika. Karatasi ya ukuta haina pindo. Mchoro ule ule hurudiwa juu, chini na pembeni, na asipokuwa fundi mchoraji, mtu huona mistari ya maungio kama viraka kwenye shuka. Morris aliyaficha maungio hayo kwa majani na vikonyo vinavyopitana, hata mtazamaji akadhani mmea unaota wenyewe ukutani. Kwa muda wa maisha yake alichora karibu karatasi hamsini za namna hiyo, mbali na michoro ya vitambaa na mazulia.

MIKONO YA BULUU

Miaka ya 1870 haikumjia kwa furaha tupu. Kwa miaka kadhaa Rossetti na Bibi Jane walikuwa wamependana, jambo ambalo Morris alilijua na kulivumilia kimya kimya. Binti yake mkubwa, Jenny, alipatwa na kifafa akiwa bado msichana. Tena pato la migodi lilikuwa likipungua, na kampuni ambayo mwanzoni ilikuwa kama mchezo wa marafiki ikawa ndiyo tegemeo la nyumba. Mwaka 1875 Morris aliichukua yote mikononi mwake, ikaitwa Morris & Co. Baadhi ya washirika wa zamani walidai fidia, na urafiki mwingine ukavunjika papo hapo.

Ni katika wakati huo mgumu ndipo alipoanza kujifunza kutia rangi nguo. Rangi mpya za viwandani, zilizotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, zilikuwa zikiuzwa kila mahali. Morris hakuzipenda. Aliziona kuwa kali kwa macho, na nyingi zilichujuka vibaya. Akasoma vitabu vya watia rangi wa karne zilizopita, kisha akaenda mji wa Leek, katika karakana ya Thomas Wardle, na kujitumbukiza katika mapipa ya rangi kama mwanagenzi. Alitumia nili kwa buluu, mizizi ya mimea kwa nyekundu, maganda ya jozi kwa kahawia. Watu waliokutana naye siku hizo walimwona tajiri mwenye ndevu, mshairi anayejulikana nchi nzima, mikono yake ikiwa ya buluu hadi viwikoni.

Naam, alikuwa mshairi pia. Utenzi wake mrefu, The Earthly Paradise, uliotoka kati ya mwaka 1868 na 1870, ulimpa sifa kubwa kuliko karatasi zake zote. Alipofariki malenga wa taifa, Tennyson, mwaka 1892, Morris aliulizwa kama angekubali cheo hicho. Akakataa.

Baada ya rangi alikwenda kwenye ufumaji. Mwaka 1879 aliweka kitanda cha mfumi katika chumba chake cha kulala huko Hammersmith, London, na kila alfajiri, kabla ya shughuli za siku kuanza, alikaa akafuma. Alikuwa akijifunza ufumaji wa mapazia ya picha, sanaa iliyokuwa karibu kufa Uingereza. Aliandika kila saa aliyofanya kazi hiyo. Pazia lake la kwanza lilimchukua zaidi ya saa 516.

Mwaka 1881 alihamishia karakana zake Merton Abbey, kando ya mto Wandle, ambao maji yake yalifaa kusafishia nguo. Huko ndiko kilikotengenezwa kitambaa chake mashuhuri cha mwaka 1883, chenye picha ya ndege wanaoiba matunda ya stroberi. Wazo alilipata bustanini kwake shambani Kelmscott, ambako ndege hao walikuwa wakimwibia kweli kweli. Ufundi wake ulikuwa hivi: nguo yote ilitiwa nili kwanza, kisha ikagongwa kwa vibao vilivyopakwa dawa ya kuondoa rangi, ili mchoro utokee mweupe juu ya buluu. Baadaye rangi nyekundu na ya manjano zikaongezwa moja moja, kila moja ikisubiri nyingine ikauke na kuoshwa. Nguo moja ilichukua siku kadhaa. Ndiyo maana ilikuwa ghali.

DENI LA MOYO

Neno hilo, ghali, ndilo lililomsumbua Morris usiku na mchana. Aliamini kwamba vitu vizuri si haki ya matajiri peke yao, na kwamba fundi anayefanya kazi kwa raha hutoa kitu kitakachomfurahisha anayekitumia. Lakini nani aliyenunua mapazia yake? Mabwana wakubwa wenye majumba. Mfanyakazi wa kawaida hakuweza kununua hata kipande cha kufunika kiti.

Hakuridhika kulalamika tu. Mwaka 1883 alijiunga na chama cha kisoshalisti, na kwa miaka mingi baadaye alisafiri miji ya Uingereza akihutubia watu mabarabarani na katika kumbi ndogo ndogo. Alianzisha gazeti na kulihariri, na fedha zake nyingi zilizama humo. Marafiki wa zamani walishangaa, na wapinzani wakamcheka: mjamaa gani huyu mwenye karakana na wafanyakazi wake? Hoja hiyo haikuwa ya bure. Aliwalipa mafundi wake vizuri kuliko wengi, na baadhi yao aliwagawia faida, lakini kampuni ilibaki yake, na wanunuzi wakabaki wale wale.

Liko doa jingine. Migodi ile iliyomtajirisha baba yake, shaba ilipopungua, iligeukia kuchimba aseniki, sumu kali iliyotumiwa pia katika rangi za kijani za karatasi za ukutani. Morris mwenyewe alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa migodi hiyo tangu 1871 hadi alipojiuzulu katikati ya miaka hiyo ya 1870. Watu walipoanza kusema kwamba karatasi za kijani zinadhuru afya, hakuamini. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja alipima kipande cha karatasi yake ya zamani na kukuta aseniki katika rangi yake. Nayataja haya bila ya kutaka kumshusha. Yeye aliyetaka kujua kila uzi na kila jani la rangi, jambo hilo lililokuwa karibu naye mno hakulifumua.

HERUFI ZA RISASI

Wengi wangedhani mtu wa miaka zaidi ya hamsini, aliyechoka kwa safari na hotuba, angepumzika. Novemba 1888, Morris alikwenda kumsikiliza jirani yake, mpiga chapa Emery Walker, akitoa mhadhara. Walker alionyesha ukutani, kwa taa ya picha, herufi za vitabu vya karne ya 15 zikiwa zimekuzwa sana. Morris aliziona kwa jicho la mchoraji wa nakshi, na usiku huo huo akawa na hamu ya kuunda herufi zake mwenyewe.

Akafanya kama kawaida yake. Alikusanya vitabu vya zamani, akapiga picha za herufi za Nicolas Jenson, mpiga chapa wa Venice, akazikuza, akazichora tena na tena mpaka mkono wake ukazizoea. Kisha akaziweka kando na kuchora zake. Mwaka 1891 alifungua Kelmscott Press karibu na nyumba yake Hammersmith. Karatasi zilitengenezwa kwa mkono katika jimbo la Kent, wino uliagizwa kutoka Ujerumani, na mitambo ilikuwa ya kusukumwa kwa mkono. Alibuni aina tatu za herufi na mamia ya mapambo ya kando na herufi kubwa za mwanzo wa sura.

Jambo ambalo wachoraji wa vitabu walijifunza kwake ni hili: ukurasa si maneno yaliyowekwa karatasini tu. Nafasi kati ya herufi, nafasi kati ya mistari, ukubwa wa pambizo, weusi wa wino, vyote ni kitu kimoja kama vile uzi na rangi katika zulia. Tena kurasa mbili zinazotazamana zihesabiwe kuwa picha moja. Waliomfuata Uingereza, Ujerumani na Marekani waliacha marembo yake mengi, lakini wengi waliishika kanuni hiyo.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa kitabu cha tungo za Chaucer, malenga wa Kiingereza wa karne ya 14. Rafiki yake wa ujana, Burne-Jones, alichora picha 87, naye Morris akachora mapambo yote. Upigaji chapa ulichukua karibu miaka miwili. Zilitoka nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi, bei ya nakala ya karatasi ikiwa pauni 20. Nakala za kwanza zilimfikia Juni 1896, yeye akiwa amekwisha dhoofika. Alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 62, na daktari mmoja aliona kwamba alikuwa amefanya kazi ya kuwashinda watu kumi. Jeneza lake lilichukuliwa kwa gari la shambani lililopambwa kwa majani, akazikwa katika kijiji cha Kelmscott.

FUNZO KWA WETU

Binti yake May, ambaye tangu 1885 aliongoza idara ya kutarizi, aliendeleza ufundi huo kwa sifa yake mwenyewe. Kampuni ilidumu hadi 1940. Nyumba moja aliyoishi Morris utotoni huko Walthamstow ilifunguliwa kuwa makumbusho yake mwaka 1950. Michoro yake ingali ikipigwa chapa, sasa kwa mitambo na kwa bei ambayo watu wengi zaidi wanaimudu, jambo ambalo yeye hakuliweza akiwa hai.

Je, alikuwa mshika mbili? Kwa maoni yangu, hapana. Yasome tena maisha yake utaona kwamba hakushika mambo kumi kwa mara moja. Alishika moja, akaketi nalo mpaka akalijua kuanzia mizizi, ndipo akanyosha mkono kwa la pili. Na la kwanza halikupotea. Majani aliyoyachora ukutani yaliingia katika kitambaa, ya kitambaa yakaingia katika zulia, na yote yakaishia pembeni mwa kurasa za Chaucer. Hata ofisi ya ramani iliyomshinda ilimpa Webb, na picha iliyomshinda ilimfunulia nakshi.

Kwa hiyo kijana anayechora mabango leo na kutamani kuchora vitambaa kesho, mimi sitamkataza. Nitamwuliza tu kama ameujua wino wa bango hilo, na karatasi yake, na mkono wa yule anayelipiga chapa. Akiwa ameujua, na aende kwenye kitambaa. Na akifika huko, asiende moja kwa moja kwa mchoraji, bali aanze kwa mtia rangi.